Bonane ya Wawili Kasungami

Kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi kuna tofauti ya saa moja. Mwaka mpya ukiingia Kariakoo, Lubumbashi bado ni saa tano usiku. Jambo hilo nimelijua kikazi kwa miaka. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na asubuhi huwa tunawasubiri wateja wetu wa Kongo waamke ndipo tuwapigie. Nililitazama kwa jicho jingine mwaka ambao mke wangu alisema kwamba safari hii anataka kula Bonane kwao.

Bonane ni mwaka mpya wa Wakongo. Krismasi nayo ina heshima yake, lakini kwa familia ya mke wangu Bonane ndiyo inayoshonewa nguo na kuchinjiwa kuku. Yeye alifika Dar kama wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi, kununua bidhaa Kariakoo na kuzisafirisha kwa lori. Mzigo wake ulipitia mezani kwangu, mengine yakafuata. Tumejaliwa watoto, tumejenga Mbagala, na katika miaka hiyo yote yeye ndiye aliyejifunza kuishi kwetu. Amejifunza kupika samaki wa nazi, amezoea joto, amezoea hata jinsi tunavyomcheka anaposema "minaenda". Nikaona ni zamu yangu. Sherehe ya mwaka huo ningempangia mimi, na ningempangia huko huko alikozaliwa, Kasungami.

Sikuanza na fedha wala na duka. Nilianza na daftari. Kwa muda nilikuwa na mazoea ya kuandika, kwenye kurasa za nyuma za daftari la kontena, vitu alivyovitaja kwa hamu bila mwenyewe kujua kwamba anavitaja. Munkoyo, kinywaji cha kwao. Bowa, yaani uyoga wa mvua za kwanza. Kikanda cha nkambo wake, bibi yake mzaa mama. Mvua ikipiga bati usiku, hewa ikiwa baridi kiasi cha kujifunika. Gitaa la mdogo wake. Na sentensi moja aliyoisema siku ana homa: kwamba tangu tuoane hatujawahi kukaa sisi wawili tu, bila mtu wa kubisha hodi. Hiyo niliipigia mstari.

Kuhusu kumshtukiza, niliamua mapema kwamba sitafanya hivyo. Kwenye filamu mume hujitokeza mlangoni na maua, mke akapiga kelele ya furaha. Mkwe anayejitokeza ukweni bila taarifa, sikukuu ikiwa imekaribia na nyumba imejaa wageni, anawavunjia heshima wenye nyumba na anamtia mkewe aibu. Kwa hiyo yeye alitangulia mwanzoni mwa Desemba akijua kwamba nakuja na lini nakuja. Watoto wakabaki kwa mama yangu. Kilichobaki siri ni yale ya kwenye daftari.

Nilikwenda kwa basi, njia ileile ninayoijaza kwenye fomu kila siku: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma. Saa hubadilika hapo hapo mpakani. Ukitoka Tunduma ukaingia Nakonde upande wa Zambia umerudi nyuma saa moja, ingawa umevuka tu katikati ya machinga wa pande zote mbili. Kisha ni Zambia ndefu, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, hadi ukanda wa shaba wa Kitwe na Chingola. Malori ya shaba tulipishana nayo njia nzima. Kwa macho mzigo wake huonekana mdogo, bamba zilizopangwa chini kwenye tela huku sehemu kubwa ya juu ikiwa tupu, kumbe uzito umeshafika kikomo. Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, foleni ya malori ilianza mbali kabla ya mpaka. Nilionyesha pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nikavuka kwa miguu, nikapanda gari la kwenda Lubumbashi, mwendo wa kilomita zipatazo 90.

Lubumbashi ina komini saba, na Kasungami iko katika ile ya Annexe inayozizunguka nyingine. Ni pembezoni kweli. Lami inakuacha, barabara inakuwa ya udongo mwekundu, na mvua za Desemba zimekwisha kuichimba mifereji katikati. Nyumba ni za matofali ya kuchoma, na udongo wa matofali mengi unatokana na vichuguu vya mchwa. Vichuguu vya huku Katanga ni vikubwa kupita paa la nyumba, na katika viwanja vingine utaona kimoja kimesimama kimekatwa upande, kinapunguzwa kidogo kidogo kila kiangazi mpaka chumba kiishe. Nyumba ya wakwe zangu ilijengwa hivyo. Kichuguu chenyewe kimebaki kimo cha kiti, na watoto wanakikalia.

Mke wangu alinipokea kwenye mwembe na watu wote wakitazama, kwa hiyo tulisalimiana kwa mikono. Macho yake yalitosha.

Kisha nikaanza kazi niliyoijia, na hapo nilielewa kwamba mahali hapa mtu hapangi sherehe ya mkewe peke yake. Katika koo nyingi za Wabemba na Walamba, ambao familia hii imetokana nao, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali meza moja, hawatazamani usoni, na neno zito halipiti moja kwa moja kati yao. Hupitia kwa mtu. Mtu wangu alikuwa mama leki, mdogo wake mama mkwe, mwanamke wa sauti kubwa anayeuza makala, yaani mkaa, kwa mifuko na anayejua bei ya kila kitu kati ya hapo na soko la Kenya (Kenya hapa ni komini ya Lubumbashi). Nilimweleza ninachotaka: usiku wa kuamkia mwaka mpya, muda mfupi, mimi na mke wangu peke yetu, na chakula nilichomwandalia mimi.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Baba," akasema, "huku uko mu bukwe. Kitu yote tunauliza mama." Bukwe ni ukweni. Akaongeza kwamba mama haulizwi mikono ikiwa mitupu.

Shemeji yangu, yule mpiga gitaa, alikuwa na mpango mwingine. Alitaka nimpeleke dada yake mjini, kwenye hoteli yenye jenereta, muziki na meza za vitambaa vyeupe. Nilikwenda naye kuangalia, kwa heshima ya wazo lake. Mji ni mzuri. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mitaa yake mipana ya miti bado inaonyesha hivyo, huku bomba la moshi la tanuru la kuyeyushia shaba na kilima cheusi cha taka zake vikionekana toka mbali. Hoteli nayo ilikuwa safi. Ila nilipotazama orodha ya vyakula nikakuta kuku wa kukaanga na viazi, chakula ambacho mke wangu anaweza kukila Sinza siku yoyote. Tena usiku wa Bonane, mvua ikinyesha, gari la kuturudisha Kasungami lingepatikana kwa bei ya mwenye gari. Nikasema hapana. Bado naamini nilisema sawa, kwa kuwa hakuna kitu katika hoteli ile kilichokuwa kwenye daftari langu.

Mikono isiwe mitupu, basi nikatafuta cha kuishika. Lubumbashi wauza vinyago wana meza zilizojaa malakiti, jiwe la kijani lenye mistari litokalo kwenye madini ya shaba, likiwa limechongwa vikuku, tembo na visanduku. Mama leki, niliyekwenda naye, hakuyatazama. Alininyooshea kidole vimisalaba vya shaba vyenye mikono minne iliyo sawa. Huo ndio msalaba wa Katanga, uliokuwa fedha ya nchi hii karne nyingi kabla ya Wabelgiji. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliukuta katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, na Katanga ilipojitenga mwaka 1960 misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera yake. Wazee waliitumia pia kulipia mahari. Sisi tulilipa mahari kwa dola na vitenge, wakati ule mimi nikiwa Dar na mjomba wangu ndiye aliyesafiri. Nikanunua miwili: mmoja mzito kwa ajili ya mama mkwe, na mwingine mdogo wenye kijishimo cha kupitisha mkufu.

Mama leki aliupeleka ule mzito pamoja na ombi langu, na jibu lilikuja siku iliyofuata. Nilikaa kwenye kigoda nje ya jiko, nimetazama mwembe, mama leki amesimama mlangoni, na mama mkwe yuko ndani akichambua sombe, yaani kisamvu. Nilisikia kila neno lake, lakini nilisubiri mama leki alirudie kwa sauti, kama inavyotakiwa. "Umuambie: usiku iko ya kwao, ila misa iko ya Mungu." Maana yake ni kwamba jioni ya tarehe 31 twende wote kanisani, turudi, tule na familia. Baada ya hapo baraza la nyuma ni letu, na yeye mwenyewe atahakikisha watoto hawaendi huko.

Sasa chakula. Bowa haukuwa tatizo, kwa kuwa Desemba ndio msimu wake na akina mama huupanga barabarani kwa mafungu, ule mdogo wa rangi ya chungwa na ule mkubwa wa vichuguuni ambao kofia yake moja hulisha nyumba nzima. Kikanda ndicho kilichonifikirisha, na nataka kukizungumzia kwa urefu, kwa sababu nacho kinatuhusu sisi Watanzania.

Kikanda hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi za mwituni, jamii za Disa, Satyrium na Habenaria. Viazi hukaushwa na kutwangwa. Unga wake hupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi kidogo, unasongwa mpaka unashikana, kisha unaachwa upoe na kukatwa vipande kama soseji nene. Rangi ni ya kahawia, na ndani una mvutano wa nyama ingawa hakuna nyama. Zambia wanakila sana pia, wao hukiita chikanda. Dunia nzima wanaume hununua okidi dukani wakampelekea mpenzi maua. Huku ua linaachwa porini na kiazi ndicho kinachopelekwa kwa mpenzi.

Shida ni kwamba okidi hizi hazilimwi. Mmea huwa na viazi viwili ardhini, kikuukuu cha mwaka huu na kipya cha mwaka ujao, na mchimbaji huchukua kile kipya kwa kuwa ndicho kigumu chenye wanga. Mmea hauna tena cha kuotea. Mbuga za Zambia zilipopungukiwa, wafanyabiashara walivuka kuja kwetu, Nyanda za Juu Kusini, na magunia yakaanza kutoka Makete na Sumbawanga kupitia Tunduma ile ile niliyopita. Uwanda wa Kitulo, unaosifika kwa maua yake, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na uchimbaji wa okidi ulikuwa mojawapo ya sababu za kuuhifadhi.

Nilisimama mbele ya muuzaji katika soko la Kenya nikiyawaza hayo. Alikuwa na sinia lililofunikwa kwa nailoni safi na kisu chenye mpini wa kamba. Akanikatia kijipande. "Iko ya leo, papa. Onja." Nilionja. Karanga kwanza, halafu pilipili, halafu kitu cha udongo kilichobaki ulimini muda mrefu. Nikaelewa kwa nini mtu aliyekila akiwa mtoto hawezi kukisahau. Ningeweza kununua sinia zima na kuwalisha ukoo wote. Nilinunua kipande cha watu wawili, nikakataa kingine. Kama kitu kinaisha porini, basi kiliwe kwa heshima, mara moja, na mtu anayekipenda kweli. Mama leki alinung'unika kwamba mkwe ana mkono wa birika, nikamweleza habari ya Kitulo njia nzima ya kurudi. Alinyamaza, kisha akasema hata nkambo alikuwa akilalamika kwamba mahali pake pa kuchimba pamekauka.

Yaliyobaki yalikuwa madogo, na madogo ndiyo yaliyokula muda. Dola zangu mbili zilikataliwa dukani kwa sababu ya mpasuko mdogo ukingoni, maana Kongo dola isiyo safi hubaki mikononi mwako. Umeme wa Kasungami hauahidi kitu, kwa hiyo nilinunua taa ya chaji na mishumaa ya akiba. Nilifunga turubai kwenye baraza la nyuma upande unaopigwa na upepo. Shemeji, ambaye alikuwa bado ananuna kwa ajili ya hoteli, nilimwomba kazi moja tu: apige nyimbo chache kutoka upande wa pili wa ukuta, halafu aende zake kwa rafiki zake. Uso ulimfunguka. Anapiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, mtindo wa Katanga ambao dunia iliujua kupitia Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952.

Asubuhi ya tarehe 31 nilikuta mtungi barazani, umefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichofumwa pembeni. Munkoyo. Mama mkwe aliukoroga mwenyewe, kwa unga wa mahindi na mizizi, akauacha uchachuke kidogo. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilimwomba mama leki afikishe shukrani, naye akasema, "Anajua."

Tulikwenda misa ya jioni. Tulirudi tumelowa miguu. Tulikula na familia bukari (ugali), kuku na sombe, mimi na wanaume upande wetu. Kabla ya saa tano nilimwambia mke wangu avae sweta anifuate nyuma.

Alipoiona mbabula, jiko la mkaa, inawaka, bowa unachemka na kikanda kimekatwa kwenye kisahani, alisimama akanishika mkono bila kusema. Gitaa likaanza ng'ambo ya ukuta. Alicheka. "Na huyu umemulipa ngapi?" Nikamwambia hakulipwa. Kisha nikamwonyesha saa kwenye simu: saa tano kasoro dakika chache. Kwa Lubumbashi mwaka ulikuwa bado. Kwa Dar ulikuwa unaingia. Tulipiga simu Mbagala, mtandao ukagoma, tukapiga tena, mara ya tatu watoto wakapokea kwa kelele za mtaa mzima, mama yangu akitubariki nyuma yao. Tukawatakia heri, tukakata.

Ndipo nilipomwambia. Mwaka wetu wa Dar umeshaingia, wa hapa haujaingia, na muda ulio katikati hauna mwenyewe. Hakuna atakayetupigia, hakuna atakayebisha hodi. Nimekuandalia huo.

Alikaa kwenye mkeka. Alikula kikanda kwanza, taratibu, akaniambia habari za nkambo ambazo hakuwahi kunisimulia: jinsi alivyokuwa akitwanga usiku ili majirani wasije kuomba, jinsi alivyomfundisha kuonja chumvi kwa ncha ya kidole. Mvua ilishuka, ikapiga bati mpaka tukawa tunazungumza kwa kusogeleana masikioni. Gitaa lilikuwa limeshaondoka. Nilimvika msalaba. Aliugeuza kwenye mwanga, akauliza kama mama anao pia, nikasema wa mama ni mkubwa zaidi. "Vizuri," akasema, na akaniegemea. Tulizungumza juu ya deni la nyumba, juu ya mtoto wetu wa pili na hesabu zake, juu ya kama atafungua duka Lubumbashi tena. Mengi hatukuwa tumeyagusa mwaka mzima kwa kukosa nafasi.

Saa sita ilipofika, Kasungami yote ililipuka kwa filimbi na vifuniko vya masufuria, watu wakipiga kelele "Bonane!" kutoka uwanja hadi uwanja katikati ya mvua, na nyimbo za makanisa ya jirani zikapanda. Mama leki alikuja anakimbia na kanga kichwani, watoto nyuma yake. Muda wetu ukawa umekwisha, na tukatoka kwenda kuwasalimu wazee.

Msomaji, ukitaka kumpangia mwenzako Bonane kwao Katanga, vuka Kasumbalesa mchana, beba kadi ya homa ya manjano na dola zisizo na mpasuko, na kikanda nunua kidogo. Ila kabla hujanunua chochote, mtafute mama leki wake, ukae naye, umweleze ulichokusudia.